Msururu, mfululizo, mlolongo: kwani si yote mamoja?

Swali: "Mwalimu shikamoo. Mie niko Malindi, naandika na kusoma habari kwa redio moja ndogo ya huku. Kila nikiandika 'mfululizo' mhariri wangu hukata akaweka 'msururu', siku ya pili nikiandika 'msururu' aweka 'mlolongo', nikimuuliza aniambia ati sikizia tu utajua. Wiki jana nimeandika timu yetu imeshinda mechi nne kwa mpigo, studio nzima ikacheka. Sasa haya maneno yana tofauti kweli ama ni mapenzi ya mtu tu? Nimekutumia na habari yangu moja ya boti uitizame, hiyo pia walisema haisomeki na sijaambiwa kwa nini."

Marahaba mwanangu. Nami nimecheka kidogo hapo kwa mechi nne, usinichukie. Kwa mpigo ni vitu kuja pamoja, dharuba moja, kama mtu ameze vidonge viwili kwa mpigo, sasa timu ikishinda mechi nne kwa mpigo itabidi wagawanyike viwanja vinne saa hiyo hiyo. Ulikuwa wataka kusema mechi nne mfululizo, au mechi nne mtawalia, yote sawa. Lakini huyo mhariri wako nae kukwambia sikizia tu utajua ni uvivu, manake tofauti ipo na yaelezeka, si uchawi.

Mie mwanafunzi akinijia na swali hili humpa mtihani mmoja mdogo. Chukua hivyo vitu vyako vinavyofuatana, toa kimoja cha katikati, alafu tizama nini kimeharibika. Basi. Jibu la hapo ndilo litakwambia neno gani wataka.

Hebu tuanze na msururu kwa sababu huku Amu, yaani Lamu, mie nauona kila asubuhi mlangoni kwangu. Punda wabeba mchanga kutoka pwani kupeleka kwa mtu anaejenga, wapita kwa kichochoro ambacho watu wawili wanene hawapishani, kwa hivyo hata wakitaka kwenda wawili wawili hawawezi, lazima wajipange mmoja nyuma ya mwengine, sita, saba, siku nyengine kumi. Huo ndio msururu. Sasa mtoe punda wa nne umpeleke akanywe maji, nini kimeharibika? Hakuna. Msururu umefupika tu, na hata ukimweka wa mwisho akawa wa mbele mwenye mchanga hajali, bora mchanga ufike. Msururu wataka wingi na urefu, hautaki mpango. Ndio maana twasema msururu wa magari, msururu wa malalamiko, msururu wa wageni waliokuja kutoa rambirambi. Redio na magazeti ya Kenya yalipenda sana neno hili, kila kitu kwao ni msururu, msururu wa ajali, msururu wa mikutano, na si makosa, ila ujue wanachokwambia ni kwamba mambo yalikuwa mengi na yaliandamana. Hawakwambii moja lilizaa lengine.

Mfululizo ni jengine kabisa. Limetoka kwa kufululiza, yaani kwenda bila kusita, mtu aliefululiza kutoka Mokowe mpaka Malindi hakushuka njiani kunywa chai. Hapa kinachotizamwa ni ule mwanya baina ya vitu, kwamba haupo. Mvua imenyesha siku tano mfululizo, toa siku ya tatu, huna tena siku tano wala nne mfululizo, una mbili na mbili, mfululizo umekatika. Kwa hivyo timu yako ikitoka sare katikati hesabu yaanza upya. Umeona vile hili neno ni kali kuliko msururu? Timu yaweza kuwa na msururu wa ushindi huku yafungwa fungwa kidogo njiani na hakuna atakaekushtaki, lakini mfululizo hauna msamaha.

Wazee wana msemo, chururu si ndo ndo ndo. Chururu ni maji yanayotiririka, ndo ndo ndo ni ya matone, na sikio lajua hata bila kamusi. Maji ya mfereji yakiwa wazi ni chururu, hapo hata huwezi kuhesabu kwa sababu hakuna tone la kwanza wala la pili, huo tuuite mtiririko. Ndo ndo ndo wahesabu, moja, la pili, la tatu. Mfululizo wakaa hapo baina yao, ni ndo ndo ndo zilizokaribiana mpaka zataka kuwa chururu. Wenye kuandika "mtiririko wa ajali" huwa wanifanya nikune kichwa, kwani ajali ni maji?

Mfuatano sasa. Hapa kinachotawala ni nafasi, nani yuko nyuma ya nani na kwa nini. Herufi za alfabeti zina mfuatano. Namba 1, 1, 2, 3, 5, 8 zina mfuatano, kuanzia ya tatu kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia, sasa ondoa ile 3 au uipishe na 5 uone hesabu itakavyokukataa. Nyumba za kale za mawe hapa mjini ni mfano mzuri zaidi kuliko hesabu. Waingia dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, ndipo ufike kiwandani, ule ua wa ndani ambao ni wazi juu, kisha msana wa tini, msana ni chumba kirefu, kisha msana wa yuu (ndio, kiamu chetu, chini kwetu ni tini na juu ni yuu), kisha ndani kwenyewe. Mgeni wa biashara huishia dakani, jamaa wa mbali kidogo huingia zaidi, na ndani ni kwa wenyewe. Ukibomoa ukaweka msana mbele ya daka si kwamba nyumba imefupika, imekuwa nyumba nyengine, na adabu ya kuingia imevurugika yote. Huo ni mfuatano. Msururu wa vyumba ni wa gesti.

Kwa hivyo ukiripoti kesi na wakili akaeleza nini kilitangulia na nini kikafuata, andika mfuatano wa matukio. Mlolongo wa matukio pia utasikia na mie siukatai, ila mlolongo kwa masikio yangu una uzito, una kuchosha, kama kwamba mtu amesimama juani. Labda ni umri wangu. Sisi tuliokuwa watu wazima 1988 tukisikia mlolongo twakumbuka kura. Mwaka ule uteuzi wa KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, haukuwa wa karatasi, watu walipangwa nyuma ya mgombea wanaemtaka, au nyuma ya wakala wake ama picha yake, wakahesabiwa wamesimama hivyo hivyo mchana kweupe, chifu atizama, jirani atizama, tajiri wako atizama. Na aliepata zaidi ya asilimia 70 hapo kwa mlolongo aliingia bungeni bila kupingwa, hakuna kura nyengine. Mpaka leo Wakenya wasema "kura ya mlolongo" na kila mtu ajua wasema nini. Ndio kwa hivyo mie nikisoma "mlolongo wa sherehe za harusi" naona watu wamechoka kabla pilau haijaiva.

Foleni ni ya kungojea. Hiyo ndio siri yake yote. Watu wakifuatana wakitembea si foleni, foleni lazima mbele kuwe na dirisha, mfereji, daktari, kitu unachokitaka na zamu yako haijafika. Ndugu zetu wa Tanzania gari zikikwama waita foleni, wa Nairobi waita jam, sisi kisiwani gari ni za kuhesabu, foleni yetu ni ya boti pale gatini siku ya kuamkia Idi. Na mtu akisema panga laini ni hiyo hiyo tu.

Safu ndio watu wakosea sana na mie hunikera kidogo. Safu ni ubavu kwa ubavu. Msikitini imamu asema nyosheni safu, wewe na mwenzako bega kwa bega, hakuna alie mbele ya mwengine. Safu ya pili ndiyo iliyo nyuma ya safu ya kwanza, kwa hivyo safu zafuatana lakini watu ndani ya safu hawafuatani. Sasa wewe ukisoma redioni "wapiga kura walisimama kwa safu ndefu wakingoja kuingia" mie naona watu wamejipanga kama wataka kuswali jeneza. Sema foleni ndefu.

Kuna kundi jengine ambalo vitu havifuatani kwa kupenda, vimefungwa. Mnyororo, mkufu, silsila, mtungo. Silsila kwa kiarabu ni huo huo mnyororo, huku kwetu walitumia zaidi kwa nasaba, sharifu akitajiwa silsila yake ni fulani bin fulani bin fulani, na mtihani wetu hapa watoa jibu la kutisha, ukitoa jina moja la kati, wa chini hana tena njia ya kufika juu. Si kufupika wala si kukatika siku, ni ukoo umepotea.

Mtungo nitakaa nao kidogo kwa sababu naupenda. Mvuvi hupita mtaani kwetu na samaki wa aina ya changu amewatia ukindu, waingilia kwenye shavu watokea mdomoni, mmoja juu ya mwengine, sita au saba. Juzi jirani yangu ametoka akasema nataka yule wa katikati, yule mnene. Mvuvi akamtizama. Kumtoa wa katikati ni kuwavua watatu wa mwanzo, kuwashika mkono wa pili wateleza, kumtoa huyo, alafu kuwarudisha wale watatu, na paka washafika. Akamwambia mama chukua mtungo mzima ama chukua wa mwisho. Ukielewa ule uso wa mvuvi umeelewa mtungo. Na tizama lugha ilivyo, kutunga samaki na kutunga shairi ni kitendo kimoja, mtunzi nae ana ukindu wake. (Tahadhari lakini, huko bara vijana wamelipa neno mtungo maana chafu ya jinai, kwa hivyo redioni sema mtungo wa samaki au mtungo wa shanga, usiliwache peke yake.)

Na kwa washairi kuna bahari yaitwa pindu, wengine waiita mkufu, wengine nyoka, ambayo ubeti ukimalizika maneno ya mwisho ndiyo yanaoanza ubeti wa pili. Mathalan mie nimalize ubeti kwa "jahazi latia nanga", wewe ukinijibu lazima uanze "latia nanga gatini" alafu uendelee na yako. Umeona pete ilivyoingia kwa pete? Shairi la kawaida waweza kuruka ubeti wa tatu na msikizaji asijue, pindu ukiruka umekamatwa hapo hapo.

Sasa mtawalia, nikuonye kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka hiyo nikiwa kijana nilipewa kazi ya kuandika tangazo la mashindano ya mpira ya mtaa, nami najiona msomi, nikaandika "Washindi wa kwanza na wa pili watapewa jezi na mpira mtawalia." Mie nikimaanisha wa kwanza jezi, wa pili mpira. Siku ya fainali timu ya pili wamekuja wote kumi na moja na kocha wao wataka jezi. Tangazo lasema tutapewa jezi na mpira, moja baada ya moja, jezi leo mpira kesho, sisi hatuna haraka. Na walikuwa na haki! Neno hili lina migongo miwili, siku tatu mtawalia ni siku zilizofuatana, lakini pia latumika kugawa, hiki kwa huyu na kile kwa yule kwa mpango ulivyotajwa. Redioni ndio mbaya zaidi kwa sababu msikizaji hawezi kurudi juu kutizama nani alitajwa kwanza. Tangu siku ile mie huandika wa kwanza jezi, wa pili mpira, kwisha.

Sanjari nalo lilihama. Manahodha wa kale wakisema majahazi yaenda sanjari ni yameandamana pamoja, moja lafuata lengine, wasipoteane baharini. Siku hizi kila hotuba ni "sanjari na hayo", yaani pamoja na hayo. Sitapigana nalo, ila usilichanganye na sambamba, sambamba ni ubavu kwa ubavu kama reli.

Kuandama ndio mzizi ambao vijana wameusahau kwamba ni kufuata. Mwezi umeandama, twasema huku tukiuona mwembamba magharibi, yaani umefuatia ule uliokufa. Maandamano ni watu kufuatana, hata kama hawana bango. Na tizama kichekesho, mwandamizi kwa asili ni yule anaefuata nyuma, maofisini sasa mhadhiri mwandamizi ni mkubwa kazini, ametoka nyuma akawekwa mbele na hakuna alieuliza. Huku ukija Maulidi na ukaona watu waenda kwa matwari na kaswida kupitia usita wa mui, yaani njia kuu ya mji, usiandike msururu wala maandamano, ile ni zefe, ina jina lake, wenyewe watakusikia na hawatakuwacha.

Na kwa kuwa nimetaja Maulidi, wajua kwamba sisi miezi yetu ni mfuatano wa namba? Idi ikishaingia twahesabu, mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu, hivyo hivyo mpaka mfunguo tisa, ndipo Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe tena. Maulidi ni ya mfunguo sita, watu wengi hutamka mfungo sita. Mtu asiejua jina la kiarabu la mwezi hata moja yuajua yuko wapi, ahesabu tu tangu alipofungua. Siku za wiki pia ni hivyo, Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, waja mpaka Jumatano ya tano, na hapo mfuatano wachekesha, manake inayofuata ni Alhamisi ambayo kwa kiarabu nayo ni ya tano. Tuna za tano mbili mfululizo na hakuna aliepotea kazini kwa sababu hiyo.

Bandika bandua usiisahau, ni nzuri kwa habari za spoti na za soko. Ni ya jikoni, chungu kimoja chatoka motoni chengine chaingia, kama chapati za futari, moja yabanduliwa nyengine ishatandazwa. Lina haraka ndani yake na jasho. Mikutano bandika bandua, wageni bandika bandua. Kwa mvua usitumie, mvua haina mpishi.

Haya, habari yako ya boti. Umeandika hivi: "Boti hiyo iliondoka Lamu asubuhi na baada ya hapo ilifika Mkanda na kisha injini yake ilizima na halafu maji yalikupwa na baadaye abiria walisubiri kwa saa nyingi." (Mkanda ni ule mlango mwembamba wa bahari baina ya kisiwa cha Manda na bara.) Hakuna neno baya humo hata moja na bado haisomeki, kwa sababu umetafuta maneno ya kufuatanisha nje na lugha yako yanayo tumboni mwa kitenzi. Ni ile -ka-. Ukishasema -li- mara moja kuweka wakati, vitendo vyote vya baadae vyaingia kwa -ka- na kila -ka- yabeba kisha yake, kwa hivyo mtu akisema "na kisha ikazima" amelipa nauli mara mbili. Mtizame nyanya yako akisimulia, nikenda, nikamkuta, nikamwamkia, hakunijibu, nikarudi. Umeona? Kinachoonyesha mpango ni -ka-, na pale penye hakunijibu mnyororo umesita kidogo makusudi, kwa sababu hapo ndipo palipouma.

Na -ka- yakubali kubebeshwa mambo mengi bila kuchoka lakini haikubali kugeuzwa, nikala nikanawa si nikanawa nikala, huyo wa kwanza mwenye kunawa baadae tusimkaribishe sahani moja. Kwa hivyo -ka- ni ndugu wa mfuatano, si wa msururu. Pale unapotaka msururu, mambo mengi tu bila mpango, ndipo utumie -ki- au hu- au uorodheshe majina, wengine wakilia, wengine wakisukuma, wengine wakipiga simu, hakuna anaeuliza nani alianza.

Mie ningeisoma hivi:

"Boti iliondoka Amu asubuhi, ikafika Mkanda, injini ikazima, maji yakapwa, ikakaa juu ya mchanga. Abiria walisubiri saa sita mfululizo mpaka maji yalipojaa tena, ndipo boti nyengine ikaja kuwachukua."

Hiyo saa sita nimeitia mie kwa kukisia kupwa na kujaa, na kule kukaa mchangani na boti nyengine pia ni zangu, wewe wapigie abiria uulize. Na kama katikati walishushwa wakanywa madafu Manda wakarudi, toa mfululizo.